Memphis Minnie na riziki ya vidoleni

Mwaka 1971 kundi la Led Zeppelin la Uingereza lilitoa albamu yake ya nne. Wimbo unaoifunga ni "When the Levee Breaks", dakika saba za dramu nzito na hamonika, na kwenye orodha ya watunzi wake kuna majina matano: Waingereza wanne na Memphis Minnie, mwanamke mweusi wa Marekani aliyeimba bluzi na kupiga gitaa. Albamu hiyo imeuza mamilioni ya nakala. Ilipotoka, Memphis Minnie alikuwa hai, yuko Memphis, jimbo la Tennessee, ana miaka 74, na gitaa hawezi tena kulishika. Kiharusi kilimwangusha mwaka 1960, kingine kikafuata, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Pesa za serikali za uzeeni hazikumtosha. Majarida ya wapenzi wa bluzi yakaandika juu ya hali yake, na wasomaji wakawa wanamtumia chochote walichojaliwa.

Mwanamke huyu alikuwa amerekodi nyimbo zipatazo 200 kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwaje akafika pale?

Majibu mawili ndiyo yamezoeleka. La kwanza, aliibiwa. La pili, wasanii wa zamani hawakujua kuweka akiba. La kwanza lina ukweli ndani yake ila halitoshi, na la pili mimi silikubali hata kidogo. Minnie aliijua biashara ya muziki kuliko wengi wa rika lake: kila soko lilipogeuka, naye aligeuka, mara nyingine kabla ya wenzake. Kilichomponza ni kwamba karibu kila senti aliyoipata ilitoka kwenye vidole vyake. Usiku asipopiga, hali chakula. Karatasi za nyimbo, yaani haki zake, zilikaa kwa watu wengine.

Beale Street

Jina lake halisi ni Lizzie Douglas, aliyezaliwa 3 Juni 1897. Mwenyewe alisema kwao ni Algiers, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea katikati ya New Orleans. Watafiti waliopekua kumbukumbu za sensa wanaelekea zaidi kaunti ya Tunica, jimbo la Mississippi. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto 13. Jina la Lizzie hakulipenda na nyumbani hawakulitumia, walimwita Kid. Alipokuwa na miaka kama saba familia ilihamia Walls, kijiji cha mashamba ya pamba kilicho kusini kidogo ya Memphis, na huko ndiko alikopewa gitaa lake la kwanza, zawadi ya Krismasi.

Akiwa na miaka 13 alitoroka nyumbani kwenda Memphis, Beale Street, mtaa wa baa, kamari na muziki wa watu weusi. Alipiga barabarani, akatupiwa sarafu, na zikikauka anarudi shambani kwao kula, kisha anatoroka tena. Miaka mingi baadaye, mwaka 1941, aliimba "In My Girlish Days" kuhusu ujana huo, jinsi alivyosimamisha treni bila senti mfukoni ili aikimbie nyumba yao.

Barabarani si kama ukumbini, kwa kuwa hakuna aliyekata tiketi. Mpita njia ana shughuli zake, na una sekunde chache za kumsimamisha. Hapo Minnie alijifunza kuimba kwa sauti ya kupenya kelele na kupiga gitaa linaloeleweka hata na mtu asiyesikia maneno. Wakati huohuo, katika miaka ya 1920, mabingwa wa kike wa bluzi walikuwa watu wa majukwaa. Mamie Smith alifungua njia kwa santuri yake ya mwaka 1920, wakaja Ma Rainey na Bessie Smith, wenye magauni ya kumeta na piano na tarumbeta nyuma yao. Mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya duka, gitaa mapajani, anaimba na kujipigia mwenyewe, huyo hakuwemo kwenye mipango ya kampuni za santuri.

Mwaka 1929 akawemo. Alikuwa akipiga na mumewe, Joe McCoy, na inasimuliwa kwamba wakala wa kampuni ya santuri ya Columbia aliwakuta mbele ya duka la kinyozi wakicheza kwa sarafu. Wakapelekwa New York, na huko ofisi ya kampuni ikawabatiza: mume akawa Kansas Joe, mke Memphis Minnie.

Nyuki

Tarehe 18 Juni 1929 walirekodi nyimbo kadhaa, mmojawapo "When the Levee Breaks". Jina hilo maana yake ni "tuta la mto likibomoka", na tuta lenyewe lilikuwa tuta kweli. Tarehe 21 Aprili 1927 kingo za mto Mississippi zilipasuka pale Mound Landing, juu ya mji wa Greenville, na gharika ya mwaka ule ikafunika takribani kilomita za mraba 70,000 katika majimbo kadhaa. Mamia ya maelfu walikosa makazi. Greenville, vibarua weusi walizuiwa juu ya tuta na kufanyishwa kazi chini ya ulinzi wa bunduki, maana wenye mashamba waliogopa wakiondoka hawatarudi tena kuchuma pamba.

Anayeimba wimbo huo ni Joe. Minnie hafungui mdomo, kazi yake ni gitaa la juu, lile linalotembea kila mahali huku la Joe likishika besi na mwendo. Kwa hiyo wimbo uliolifikisha jina la Memphis Minnie kwenye masikio ya vijana wa roki hauna sauti yake, na Joe aliyeuimba, aliyefariki mwaka 1950, hayumo kwenye majina ya watunzi wa toleo la 1971. Wanaolalamika kwa niaba ya Minnie humsahau.

Wimbo uliowapa jina wakati ule ulikuwa "Bumble Bee". Mwanamke anamsifu nyuki wake, mwiba wake na asali yake, analalamika akichelewa kurudi. Msomaji aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kuelezwa nyuki huyo ni nani. Waliurekodi kwa Columbia mwaka 1929, kampuni ikauweka kabatini. Mwaka uliofuata Minnie akaurekodi upya kwa Vocalion, ukashika chati za mitaani, na kabla mwaka haujakatika alishauimba tena kwa Victor akiwa na bendi ya Memphis Jug Band. Watu husema huo ni upungufu wa nyimbo. Mimi naona ni hesabu. Kama malipo yako ni ya kazi ya siku na santuri ikiuzwa baadaye huoni kitu, basi wimbo mmoja kwa kampuni tatu ni siku tatu za malipo.

Mdororo wa uchumi ukaingia. Marekani iliyouza santuri zaidi ya milioni 100 mwaka 1927 iliuza kama milioni 6 tu mwaka 1932. Columbia ilimwacha Bessie Smith mwaka 1931. Minnie hakuachwa, na sababu mojawapo ni gharama: Bessie alihitaji bendi, Minnie na Joe walikuwa watu wawili na magitaa mawili. Walishahamia Chicago. Ndoa ilivunjika katikati ya miaka ya 1930, na wengi walidhani duo ikifa Minnie naye amekwisha. Badala yake akaingia studio na piano, besi, mara nyingine tarumbeta au klarineti. Aliimba juu ya bondia Joe Louis mwaka uleule wa 1935 Marekani nzima ilipokuwa ikimzungumzia. Mwaka 1936 akatoa "Hoodoo Lady", habari za mganga wa kike anayeogopwa mjini. Mada hizo zilinunulika, na alijua hivyo.

Chupa mbili

Kila anayeandika juu ya Minnie hufika kwenye shindano lake na Big Bill Broonzy, mfalme wa bluzi wa Chicago wakati huo. Broonzy mwenyewe ndiye aliyelisimulia kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1955. Kilabu kimejaa, zawadi ni chupa ya wiski na chupa ya jini, na waamuzi ni wanamuziki, akiwemo Sleepy John Estes. Broonzy anapiga, watu wanashangilia. Minnie anapanda, anapiga nyimbo mbili, "Me and My Chauffeur Blues" na "Looking the World Over", na ukumbi unalipuka. Waamuzi wanambeba juujuu kumzungusha ukumbini, mpaka mumewe Joe McCoy anachukia na kuwaambia wamshushe, ana miguu. Katika purukushani hiyo Broonzy ananyakua chupa ya wiski na kutokomea.

Kisa kitamu, ila hakikubaliani na kalenda. Broonzy anasema ni mwaka 1933. Nyimbo hizo mbili Minnie alizirekodi mwaka 1941. Unaweza kujitetea kwamba alizipiga miaka minane kabla ya kuzirekodi, lakini kwa msanii aliyeingia studio mara kwa mara namna ile ni vigumu kuamini kwamba alikalia wimbo wa ushindi muda wote huo. Ukisogeza tarehe mbele hadi 1941, unakwama kwa mume: Joe McCoy alishaondoka, na Minnie alikuwa ameolewa na mpiga gitaa mwingine, Ernest Lawlars, aliyejulikana kama Little Son Joe. Mume wa enzi moja yumo kwenye chumba kimoja na nyimbo za enzi nyingine. Inaelekea Broonzy alishona usiku kadhaa ukawa usiku mmoja, jambo ambalo wasimulizi wazuri hulifanya bila aibu.

Lakini hata ukiyapunguza maneno yake kwa nusu, kinachobaki kina uzito. Mpinzani aliyekuwa maarufu kuliko yeye alichagua kuandika kwamba alipigwa, na kwamba mwanamke huyu alipiga gitaa na kuimba sawa na mwanamume yeyote aliyepata kumsikia. Sifa hiyo ya "sawa na mwanamume" imenakiliwa mpaka imechosha. Anayetaka ushahidi na asikilize santuri za 1929 hadi 1934 alizopiga na Joe, afuate gitaa la juu peke yake. Minnie anaimba mstari, na kabla pumzi haijaisha vidole vimeshaanza kumjibu.

Wimbo wa dereva, yaani "Me and My Chauffeur Blues", unastahili neno la ziada. Mwanamke anataka dereva wa kumzungusha mjini. Atamnunulia Ford mpya ya V8, ila masharti ni kwamba asibebe abiria wengine, na akigundua anawapa lifti wasichana atamtafutia bastola. Mwenye gari ni yeye, mwenye pesa ni yeye, dereva ni mwajiriwa. Ulirekodiwa Chicago mwezi Mei 1941, wakati Minnie ameshashika gitaa la umeme, na ndio wimbo wake unaojulikana zaidi. Mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye hazina ya taifa ya sauti zinazohifadhiwa. Mtunzi anayetajwa ni Ernest Lawlars, mumewe. Waliishi na kufanya kazi pamoja, na pengine kwao halikuwa na uzito jina gani linaandikwa, lakini kwa anayefuatilia kisa hiki hilo linaeleza mengi.

Juu ya friji

Mshairi Langston Hughes alimkuta kwenye baa ya 230 Club, Chicago, usiku wa kuukaribisha mwaka 1943, na tarehe 9 Januari akaandika habari zake kwenye safu yake katika gazeti la Chicago Defender. Kwa anayechunguza maisha ya Minnie, ukurasa huo una thamani kuliko picha zake zote. Hughes anamwonyesha amekaa juu ya friji nyuma ya kaunta, miwani usoni, amevaa kama mwalimu wa shule mwenye utani wa chinichini, na pembeni yake mpiga dramu. Anaposhika nyuzi mambo hubadilika. Hughes analifananisha gitaa lililotiwa umeme na mashine za kuchomelea vyuma pamoja na kinu cha kuviringisha chuma. Mlio unachekecha baa nzima, na ndani yake Hughes anasikia mashamba ya pamba na vumbi la Mississippi.

Halafu anageuza macho kwa wenye baa. Hao si watu weusi. Hawachezi, hawapigi makofi, wala hawatabasamu. Wanatazama droo ya pesa, na muziki unavyonoga ndivyo vinywaji vinavyotoka.

Usiku ule una jambo lingine ambalo Hughes hakuligusia. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa kwenye mgomo wa kurekodi, uliodumu hadi 1944, kikidai malipo kwa ajili ya santuri zilizokuwa zikiwanyang'anya wanachama kazi. Kwa hiyo Minnie alipokuwa na sauti ile kali kuliko wakati wowote, milango ya studio ilikuwa imefungwa. Santuri zake za 1941 zina gitaa la umeme lakini la adabu, la studio. Kinu cha chuma alichokisikia Hughes hakimo. Miaka michache baadaye Muddy Waters na wenzake walipotoka na bluzi za umeme zenye kelele, historia ikaandikwa kana kwamba Chicago ilianza nao.

Waliompigia Minnie katika miaka hiyo wanamkumbuka kama mtu asiyechezewa. Alivaa magauni ya gharama na bangili zilizotengenezwa kwa sarafu za dola za fedha, alitafuna tumbaku, na kwa wanaume wasumbufu hakuchelewa kutoa kisu. Jumatatu, siku ambayo wanamuziki wengi hawana kazi, alikuwa na shughuli yake kwenye baa ya Ruby Lee Gatewood. Huo ulikuwa mshahara wake halisi: malipo ya mlangoni, ya kila wiki, mkononi.

Karatasi

Studio za bluzi Chicago katika miaka ya 1930 na 1940 zilipita kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mtu mmoja, Lester Melrose. Ndiye aliyezipelekea wanamuziki kampuni za santuri za Bluebird na Columbia, ndiye aliyechagua nani ampigie nani, na kupitia kampuni yake ya Wabash Music alishika haki za uchapishaji wa nyimbo nyingi zilizopita kwake. Msanii alilipwa kwa upande wa santuri, akaenda zake. Wimbo ukiimbwa na mwingine miaka kumi baadaye, pesa zinamfuata mwenye karatasi.

Kesi iliyokwenda mbali ni ya Arthur Crudup, ambaye naye alirekodi chini ya Melrose. Wimbo wake "That's All Right" ndio Elvis Presley alioanzia mwaka 1954. Crudup alidai mirabaha yake miaka na miaka na akafa mwaka 1974 bila kulipwa alichodai. Crudup alikuwa na wakili na umaarufu wa Elvis wa kumsaidia kupiga kelele. Minnie alikuwa na nini?

Alikuwa na kazi ya usiku, na kwa muda mrefu ilitosha. Tatizo likaja lilipokuja kizazi kingine cha wasikilizaji. Mwaka 1952 Checker, tawi la kampuni ya santuri ya Chess, ilimrekodi, akarudia hata ule wimbo wa dereva, lakini haukwenda. Mwaka 1953 akarekodi kwa kampuni ndogo ya JOB, na biashara ya santuri ikawa imeisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na Little Son Joe, ambaye afya yake ilikuwa mbaya, walirudi Memphis. Aliendelea kupiga alipoweza.

Sasa linganisha tarehe. Kiharusi: 1960. Little Son Joe akafariki: 1961. Mwaka 1963 na 1964 wanafunzi wa vyuo, Wazungu wenye magari na mashine za kurekodi, walizunguka Kusini kuwatafuta wazee wa bluzi waliosikika kwenye santuri kuukuu. Mississippi John Hurt akapatikana, Son House akapatikana, Skip James akapatikana, wakapandishwa jukwaa la tamasha la Newport, wakarekodi upya na kupata angalau miaka michache ya malipo na heshima. Minnie hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa Memphis, anajulikana, na mkono haufanyi kazi. Mlango uliowapa wenzake riziki ya uzeeni ulipitwa na wanaoweza kupiga, na ulifunguka miaka mitatu baada ya kiharusi chake. Angekuwa na haki za nyimbo zake, mkono kulala usingekuwa mwisho wa kipato, maana nyimbo zenyewe zilikuwa zikitembea: Jefferson Airplane waliuweka wimbo wa dereva kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1966.

Alifariki 6 Agosti 1973 na kuzikwa Walls, kwenye makaburi ya kanisa la New Hope Baptist. Mwaka 1980 taasisi ya Blues Foundation ilipowatangaza wa kwanza kuingia kwenye ukumbi wake wa heshima, wanawake walikuwa wawili tu, Bessie Smith na yeye. Kaburi lilikuwa bado halina alama. Jiwe liliwekwa Oktoba 1996 na mfuko wa Mt. Zion Memorial Fund, kwa pesa za Bonnie Raitt, ambaye naye ni mwimbaji wa kike mwenye gitaa lake mkononi.

Kwa anayetaka kumsikia, ushauri wangu ni asianze na mkusanyiko wowote wenye picha ya gharika kwenye jalada. Aanze na "Frisco Town" ya 1929, ambamo yeye ndiye anayeimba na magitaa mawili yanakwenda kama reli. Kisha "Nothing in Rambling" ya 1940, yenye sauti ya mtu aliyekwisha kuichoka barabara lakini hana mpango wa kuiacha. Wimbo wa dereva uwe wa tatu. Santuri za miaka ya 1950 zinaweza kungoja: gitaa ni lake, ila bendi inamkimbiza mahali ambapo yeye alishafika zamani.